Kifaa kinaitika ping lakini SNMP imenyamaza: namna ya kutafuta chanzo

"Timeout: No Response from 10.20.5.2". Hivyo ndivyo inavyosema snmpget, amri ya kukiuliza kifaa cha mtandao hali yake kwa SNMP, itifaki ya ufuatiliaji. Kati ya programu za ufuatiliaji, Zabbix ina maneno yake, LibreNMS ina yake, na Cacti huacha pengo jeupe katikati ya grafu, lakini habari ni ile ile: seva ya ufuatiliaji imeuliza, imesubiri, haikusikia kitu. Mtu wa zamu akiiona saa 8 usiku, kitu cha kwanza kumjia ni kuongeza muda wa kusubiri, kutoka sekunde 1 hadi 5, kutoka 5 hadi 10. Pengine tatizo litaondoka. Mara nyingi zaidi litajificha tu, na siku litakapojitokeza tena litakuja na vifaa vingine mia nyuma yake. Nimeshasafisha mifumo kadhaa iliyofanyiwa hivyo, na ndiyo sababu naandika kwa urefu kidogo.

Kimya kinaweza kutokana na mambo manne. Swali limepotea njiani. Swali limefika, kifaa kimelitupa. Jibu limetoka, likapotea likirudi. Au jibu limefika salama, lakini mwulizaji alishakata tamaa. Kwenye skrini yote manne yanafanana kabisa. Kuongeza muda wa kusubiri kunatibu hilo la nne peke yake. Kwa yale matatu ya kwanza unaongeza tu muda wa kungoja kitu kisichokuja.

Ukweli kwamba ping inajibu hauthibitishi mengi. Ping inatumia itifaki ya ICMP, SNMP inatumia UDP kwenye poti 161, na faiawoli, ACL (orodha ya anwani zinazoruhusiwa na zinazokatazwa) na hata prosesa ya kifaa huzitendea hizo mbili tofauti. Tena UDP haina makubaliano ya kuanza mazungumzo kama TCP. Na kwenye SNMP toleo la 1 na la 2c, ukituma komyuniti (neno la siri la kuulizia) isiyo sahihi, kifaa hakikuambii umekosea. Unapiga hodi, wa ndani hakutambui, anakaa kimya. Imeundwa hivyo kwa makusudi ili mgeni asijue hata kama nyumba ina mtu.

Kipimo cha kwanza, kabla hujagusa mpangilio wowote

Ingia kwenye seva ile ile inayohoji vifaa. Usipime kutoka kwenye kompyuta yako ya mezani. Njia ni nyingine, anwani ni nyingine, na ACL itakutazama kwa jicho lingine. Kisha uliza swali jepesi kuliko yote:

`snmpget -v2c -c 'KOMYUNITI' -t 2 -r 0 10.20.5.2 1.3.6.1.2.1.1.3.0`

OID hiyo (namba inayotaja unachouliza) ni sysUpTime, muda tangu sehemu ya SNMP ya kifaa ianze kazi. Kila kifaa chenye SNMP kinayo na hakihitaji kufikiri kuijibu. Sehemu muhimu ni `-r 0`. Kwa kawaida amri za Net-SNMP husubiri sekunde 1 kisha hurudia mara 5, yaani jumla ni majaribio sita. Marudio hayo yanaficha upotevu: njia inaweza kudondosha theluthi moja ya pakiti na wewe ukaona jibu kila mara, limechelewa tu kidogo. Ondoa marudio uone hali halisi. Halafu rudia mara mia:

`for i in $(seq 100); do snmpget -v2c -c 'KOMYUNITI' -t 2 -r 0 10.20.5.2 1.3.6.1.2.1.1.3.0 >/dev/null 2>&1 || echo kosa; sleep 1; done | wc -l`

Wakati hiyo inaendelea, fungua dirisha la pili uendeshe tcpdump, inayoonyesha kila pakiti inayopita:

`tcpdump -ni eth0 host 10.20.5.2`

Tumia `host`, usitumie `port 161`. Sababu nitaieleza mbele, na ndiyo iliyowahi kunipotezea siku nzima.

Namba utakayopata ndiyo inayokuonyesha njia. Makosa 100 kati ya 100 maana yake mlango umefungwa. Makosa 0 maana yake njia na komyuniti ni sahihi, tatizo liko kwenye maswali mazito. Ukipata 7, au 30, kuna upotevu au mzigo. Soma sehemu inayokuhusu.

Makosa 100 kati ya 100: hakijawahi kujibu, au kilijibu hadi jana

Sasa isome tcpdump.

Ikiwa hakuna pakiti hata moja inayotoka, basi kosa liko kwenye seva yako mwenyewe: jina la kifaa linaelekeza kwenye anwani ya zamani, njia haipo, au faiawoli ya seva inazuia pakiti zinazotoka.

Ukiona ICMP inarudi na maneno "udp port 161 unreachable", furahi, maana hiyo ni habari nzuri. Swali limefika hadi kwenye kifaa, ila hakuna programu inayosikiliza. Kwenye MikroTik, SNMP huja ikiwa imezimwa; iwashe kwa `/snmp set enabled=yes`. Kwenye Debian na Ubuntu, snmpd (programu inayojibu SNMP) huja ikiwa inasikiliza 127.0.0.1 pekee, kwa hiyo ukipima ndani ya mashine yenyewe kila kitu ni kizuri, ukipima kutoka nje hupati kitu. Endesha `ss -lun` uangalie mstari wa 161, kisha rekebisha `agentaddress` ndani ya /etc/snmp/snmpd.conf.

Pakiti zinatoka na hakuna kinachorudi: hapa ndipo kazi ilipo. Anza na komyuniti. Herufi kubwa na ndogo zina tofauti, na nafasi moja iliyonakiliwa mwishoni inatosha kuharibu kila kitu. Komyuniti yenye alama ya dola au ya mshangao huvurugwa na sheli usipoiweka ndani ya alama za nukuu moja, ndiyo maana nimeziweka kwenye amri ya juu. Kwenye vifaa vya Cisco, andika `show snmp` utazame mstari wa "Unknown community name". Tuma maswali kumi, tazama tena. Namba imepanda kumi? Swali limefika na komyuniti ndiyo mbaya. Namba haijasogea, na hata jumla ya pakiti za SNMP zilizoingia haijasogea? Swali halijafika, acha kuhangaika na komyuniti, nenda kwenye ACL za njiani na faiawoli.

Ikiwa kifaa kilikuwa kinajibu hadi jana, jiulize nini kimehama. Mara nyingi ni seva ya ufuatiliaji yenyewe: imehamishiwa mashine mpya, imepata anwani mpya, na kila swichi bado ina ACL inayoruhusu anwani ile ya zamani. Jambo la pili ni kusasisha programu ya kifaa. Kwenye swichi na ruta za Huawei zenye matoleo mapya ya VRP (mfumo endeshi wake), SNMP haisikilizi kwenye violesura vyote mpaka uiambie. Amri `snmp-agent protocol source-status all-interface` hurudisha hali ya zamani, ingawa ni salama zaidi kutaja kiolesura kimoja cha usimamizi.

Kuna hali moja zaidi ambayo watu huiruka. Ukiendesha tcpdump bila kichujio cha `host`, unaona jibu linarudi kabisa, lakini snmpget bado inasema muda umeisha. Angalia anwani ya mjibuji. Ruta yenye anwani tano inaweza kuulizwa kupitia moja ikajibu kutokea nyingine. iptables, faiawoli ya seva yako, inaona pakiti kutoka kwa mtu ambaye hukumwuliza chochote na inaitupa. Kumbuka kwamba tcpdump huona pakiti inayoingia kabla iptables haijaihukumu, kwa hiyo kuiona kwenye tcpdump si uthibitisho kwamba programu imeipata. Dawa ni kukihoji kifaa kwa anwani ile inayojibu, au kukiambia kijibu kwa anwani moja. MikroTik ina `src-address` ndani ya `/snmp` kwa kazi hiyo.

Toleo la 3 linasema zaidi kuliko ndugu zake. Jina la mtumiaji likikosewa unaambiwa halijulikani, nywila ya uthibitisho ikikosewa unaambiwa uthibitisho umeshindikana. Lakini nywila ya usimbaji ikikosewa unarudishiwa kimya kile kile cha muda kuisha. Kwa hiyo kwenye toleo la 3, ukipata taimauti huku tcpdump ikionyesha pakiti zinakwenda na kurudi mwanzoni kisha kifaa kinanyamaza, usianze na faiawoli. Andika upya nywila ya usimbaji, na uhakikishe pande zote mbili zinatumia aina ile ile, AES au DES.

Makosa 0, lakini orodha ndefu inakwama

Hili ndilo linalochosha watu kuliko yote, kwa sababu kila kipimo cha haraka kinasema kifaa ni kizima. sysUpTime inajibu, jina la kifaa linajibu, halafu snmpwalk (amri inayosoma orodha nzima) ya violesura inafika katikati na kusimama. Kwenye logi ya Zabbix utakuta "first network error, wait for 15 seconds". Zingatia maana yake: swali moja zito likishindwa, Zabbix inasimamisha kwa sekunde hizo 15 maswali yote ya SNMP ya kifaa hicho, yakiwemo mepesi. Ndiyo maana kipengele kimoja kibaya kinakufanya uamini kifaa kizima kimeanguka.

Sababu ya kwanza ni umbali, na hapa nawafikiria hasa wenzangu wenye vituo vinavyotegemea setilaiti. Setilaiti za mzunguko tuli ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lipande lishuke, jibu lipande lishuke. Hata kwa kasi ya nuru hiyo ni karibu nusu sekunde, na kwa hali halisi utaona milisekunde 600 hivi. Sasa chukua swichi ya poti 48. Jedwali la violesura, ifTable, lina safu wima 22, kwa hiyo thamani ni 48 mara 22, yaani 1,056. snmpwalk ya kawaida inaomba thamani moja kwa wakati na kusubiri jibu kabla ya kuomba nyingine: 1,056 mara sekunde 0.6 ni zaidi ya sekunde 633. Kama mzunguko wako wa kuhoji ni dakika 5, yaani sekunde 300, hutamaliza hata siku moja, na hakuna kifaa kibovu wala pakiti iliyopotea. Ukitumia snmpbulkwalk ikibeba thamani 25 kwa ombi moja, maombi yanashuka hadi 43 na kazi inaisha kwa sekunde 26 hivi. Kwa hiyo kama bado unahoji kwa toleo la 1, hamia la 2c au la 3. Toleo la 1 halina ombi la mkupuo, yaani la thamani nyingi kwa pamoja.

Umbali unaweza pia kubadilika ghafla bila wewe kugusa kitu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini, na mtandao wa Afrika Mashariki ukalemewa kwenye njia chache zilizobaki. Aliyekuwa anahoji swichi zake za Dar es Salaam au Nairobi kutoka kwenye seva iliyokodishwa Ulaya alipata mapengo kwenye grafu za vifaa ambavyo ndani ya jengo vilikuwa vinafanya kazi bila shida. Seva ya kuhoji ikae karibu na vifaa. Zabbix ina proksi, LibreNMS inaweza kugawa kazi ya kuhoji kwa mashine kadhaa. Tumia hizo, matokeo yaliyokusanywa ndiyo yavuke bahari.

Sababu ya pili ni vipande vya pakiti. Dalili yake ni ya pekee na ukiijua hutaisahau: kwenye tawi moja, njia moja, swichi ndogo za poti 8 zinajibu kila kitu na zile za poti 48 zinakwama. Niliikuta kwenye tawi lililokuwa limeunganishwa upya kwa handaki la GRE, linalobeba pakiti ndani ya pakiti nyingine. Jibu la mkupuo likizidi ukubwa wa juu wa pakiti kwenye njia, linakatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza kina namba ya poti, cha pili hakina. Faiawoli nyingi hutupa kipande kisicho na poti, na seva, ikikosa nusu ya pili, haiwezi kuunganisha jibu, inalitupa zima. Na ukiwa umechuja tcpdump kwa `port 161`, hicho kipande cha pili hukioni hata kikifika, kwa hiyo huwezi kujua kama kimekuja au la. Ndiyo ile siku yangu nzima.

Thibitisha kwa kulinganisha:

`snmpbulkwalk -v2c -c 'KOMYUNITI' -Cr5 10.20.5.2 1.3.6.1.2.1.31.1.1`

kisha amri hiyo hiyo kwa `-Cr50`. Kama 5 inapita na 50 inakwama, umeshampata mwizi. Pima na njia: `ping -M do -s 1472 10.20.5.2` hupita kwenye Ethaneti ya kawaida ya baiti 1500, maana baiti 28 zilizobaki ni vichwa vya IP na ICMP. Ikishindwa, shusha. Njia ya PPPoE ya baiti 1492 itakubali 1464. Handaki la GRE la 1476 litakubali 1448. Dawa ya haraka ni kupunguza thamani kwa ombi hadi 10 au chini kwa vifaa vya tawi hilo tu: kwenye LibreNMS ni max_repeaters ya kifaa, kwenye snmp_exporter (inayoisomea SNMP Prometheus, chombo kingine cha ufuatiliaji) ni `max_repetitions`, ambayo huja ikiwa 25. Dawa ya kudumu ni kwa mwenye faiawoli kuruhusu vipande vipite. Unaona kwamba dawa hii inakwenda kinyume na ile ya setilaiti: kule unaongeza thamani kwa ombi, huku unapunguza. Kituo cha mbali kinachopita kwenye handaki juu ya setilaiti kinahitaji namba ya katikati, na hakuna njia ya kuipata isipokuwa kujaribu 8, 12, 16 na kuangalia saa.

Sababu ya tatu ni jedwali lisilostahili kuulizwa. Ruta inayobeba jedwali zima la njia za intaneti ina zaidi ya njia 900,000 za IPv4. Chombo chako kikianza kutembea kwenye 1.3.6.1.2.1.4.21 au 1.3.6.1.2.1.4.24, prosesa ya ruta inapanda na majibu mengine yote yanachelewa. Kwenye Cisco utaona mchakato uitwao SNMP ENGINE juu ya orodha ya `show processes cpu sorted`. Zuia njia hiyo ndani ya ruta yenyewe, usitegemee nidhamu ya chombo:

`snmp-server view TAZAMA iso included`
`snmp-server view TAZAMA 1.3.6.1.2.1.4.21 excluded`
`snmp-server view TAZAMA 1.3.6.1.2.1.4.24 excluded`
`snmp-server community KOMYUNITI view TAZAMA RO 10`

Hiyo 10 ya mwisho ni ACL yako. Kisha rudi kwenye chombo cha ufuatiliaji uzime moduli usizozisoma. Nakusihi uwe mkweli hapa. Kama hakuna mtu ofisini aliyewahi kufungua grafu ya jedwali la ARP, kwa nini kila dakika 5 unailazimisha swichi iliandike upya?

Kwa seva za Linux, snmpd yenyewe inaweza kukwama. Diski ya NFS (inayosomwa kupitia mtandao) ambayo seva yake imezimika humfanya snmpd asubiri pale pale anapohesabu mifumo ya mafaili, na anaposubiri hajibu mtu mwingine yeyote. Jaribu `df` kwenye mashine hiyo. Nayo ikikwama, umepata jibu, na `skipNFSInHostResources true` ndani ya snmpd.conf itamwepusha. Vivyo hivyo skripti uliyoichomeka kwa `extend`: ikichukua sekunde 8 kumaliza, mwulizaji wa sekunde 3 hatapata kitu. Iendeshe skripti kwa cron (kipanga ratiba cha Linux), iandike matokeo kwenye faili, halafu `extend` isome faili tu.

Makosa machache kati ya mia

Hapa unatafuta mpangilio wa saa. Andika kila kosa na wakati wake kwa siku moja nzima kabla hujaamua chochote.

Makosa yanayoangukia sekunde za mwanzo za kila dakika ya tano yanatokana na vifaa vyote kuhojiwa kwa mpigo, au na vyombo viwili kuhoji kifaa kimoja kwa wakati mmoja: chako na cha mtoa huduma, au kipya na kile cha zamani ambacho hakuna aliyekizima. Kwenye kifaa, tcpdump au logi ya ACL itakuonyesha ni anwani ngapi zinauliza. Makosa ya kila usiku saa ile ile yanafuata nakala rudufu zinazojaza kiungo. Makosa ya mchana wa masika yanafuata mvua; viungo vya setilaiti vya masafa ya Ku hudhoofika mawingu mazito yakisimama juu ya dishi, na hapo utayaona hata kwenye ping.

Ikiwa ping ya mia haidondoshi hata moja na SNMP inadondosha, na prosesa imetulia, angalia kikomo cha pakiti zinazoelekezwa kwa kifaa chenyewe. Kwenye Cisco ni `show policy-map control-plane`. Kaunta ya pakiti zilizotupwa kwenye daraja lenye SNMP ikipanda, kikomo ni kidogo kuliko maswali yako. Punguza maswali kwanza, ongeza kikomo baadaye.

Vifaa vizima vina mapengo

Umeme wa wilaya moja unakatika. Swichi na ruta 40 za huko zinazimika. Nusu saa baadaye unaulizwa kwa nini grafu za makao makuu, penye jenereta, nazo zina mapengo.

Hesabu iko hivi. Kifaa kilichokufa hugharimu muda wote wa kusubiri pamoja na marudio: sekunde 1 mara majaribio 6, yaani sekunde 6 kwa swali moja tu. Vifaa 40 ni sekunde 240. Kama mchakato mmoja ndio unaovihoji vyote, zimebaki sekunde 60 kati ya 300 kwa vifaa vizima. Kwenye Cacti utasoma "Maximum runtime of 298 seconds exceeded" na vilivyokuwa nyuma ya foleni havihojiwi kabisa. Sasa fikiria ungekuwa umeongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 5 kwa vifaa vyote: kifaa kimoja kilichokufa kingekula sekunde 30, vifaa 10 vingemaliza mzunguko mzima. Hapa ndipo ule uamuzi wa saa 8 usiku unapokuja kudai gharama yake.

Hakikisha chombo kinapima kwa ping kabla ya kuanza maswali ya SNMP, ili aliyekufa aachwe mapema. Ongeza michakato ya kuhoji. Zabbix ina `StartPollers`, na ina ya pembeni, `StartPollersUnreachable`, ambayo huja ikiwa 1 na hailingani na mtandao wenye umeme wa kuyumba. Na kifaa kilichostaafishwa kiondoe kwenye orodha siku ile ile kinapong'olewa ukutani. Nimewahi kukuta seva inahangaika kila dakika 5 na swichi zilizokuwa stoo miezi mingi.

Toleo la 3: leo kinajibu hiki, kesho kile

Mashine mbili zinapokezana. Ya kwanza ikijibu ya pili inanyamaza, halafu zinabadilishana. Ukiona hivyo, uliza kama zilinakiliwa kutoka mashine moja. SNMP toleo la 3 humpa kila wakala (programu ya SNMP ndani ya kifaa) kitambulisho chake, engineID, na mwulizaji huhifadhi kwa kila kitambulisho idadi ya mara kilizowaka na saa yake. Ujumbe ukitofautiana na saa hiyo kwa zaidi ya sekunde 150 hukataliwa. Mashine mbili zenye kitambulisho kimoja lakini zilizowashwa siku tofauti zitamchanganya mwulizaji bila mwisho. Kwenye Debian kitambulisho kimehifadhiwa ndani ya /var/lib/snmp/snmpd.conf, simamisha snmpd kwenye nakala, futa mstari wa `oldEngineID`, unda upya watumiaji, washa. Kisha kwenye seva ya Zabbix endesha `zabbix_server -R snmp_cache_reload` isahau ya zamani. Amri hiyo hiyo husaidia pale kifaa kinapobadilishwa na kipya kikapewa anwani ile ile.

Lini muda wa kusubiri uongezwe kweli

Pale tu tcpdump inapokuonyesha jibu linafika, kutoka anwani sahihi, likiwa zima, sekunde 1.4 baada ya swali, ilhali wewe ulisubiri sekunde 1. Ongeza kwa kifaa hicho au kundi hilo, si kwa mfumo mzima. Chukua muda mrefu kuliko yote uliouona kwenye vipimo vya saa yenye msongamano, uuzidishe mara mbili, na punguza marudio ili jumla isipae: sekunde 3 na marudio 1 ni sekunde 6, sawa na kawaida ya Net-SNMP, lakini zinamvumilia mwenye setilaiti.

Angalia pia kama kuna saa juu ya saa. Zabbix huja na muda wa sekunde 3. Prometheus hukata usomaji baada ya sekunde 10, wakati snmp_exporter chini yake husubiri sekunde 5 na kurudia mara 3, yaani hadi sekunde 20 kwa swali moja. Ukiongeza ya chini bila kugusa ya juu, utasoma "context deadline exceeded" na kudhani kifaa kimezidi kuharibika. Ya juu iwe kubwa kuliko jumla ya ya chini, na zote ziwe ndogo kuliko mzunguko wa kuhoji.

Ukimaliza, endesha tena kile kipimo cha mara mia, saa ile ile makosa yalipokuwa yanatokea, ukiwa na `-r 0`. Namba ya kabla na ya baada ziandike kwenye maelezo ya kifaa hicho ndani ya chombo cha ufuatiliaji, pamoja na tarehe na ulichobadilisha, ili mwenzako wa zamu ijayo aikute hapo.